Nimerudi Dar baada ya miaka mingi, rafiki anataka tufungue saluni Sinza. Naombeni ushauri

MamaSouthB ameandika:

Hamjambo wakuu. Mimi ni Mkenya wa Nairobi. Niliishi Dar kuanzia 2009 hadi 2014, kazi ya uhasibu Mikocheni, chumba na sebule Sinza Kijiweni. Juzi nimekuja kwenye harusi ya binti wa jirani yangu wa enzi hizo, na tangu hapo akili haijatulia.

Nilipanda basi kupitia Namanga nikijua nitashuka Ubungo, nichukue bajaji, mara niko Sinza. Wapi! Tukashushwa Mbezi Luis, ndiko kituo cha mabasi ya mikoani kilikohamia. Nilipofika Ubungo sikupatambua. Ile njia panda ya taa, ambapo trafiki alikuwa akituzuia mpaka abiria wanashuka kwenda kwa miguu, sasa barabara zimepandana ghorofa. Mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake peke yake, niliuacha ukiwa vumbi na mitaro ya ujenzi. Kigamboni nilikokuwa nikisubiri pantoni, safari hii tumevuka darajani. Bwana harusi naye alikuja kutoka Dodoma asubuhi hiyo hiyo kwa treni ya umeme, suti haina hata mkunjo.

Halafu nikaenda kwa mama lishe wangu wa zamani. Yupo, na benchi lake lile la mbao. Alikuwa anageuza chapati, akaninyooshea upawa: "Wewe si yule Mkenya wa chai bila sukari?" Nusura nilie. Nikala, nikatoa noti, akaniambia hana chenji, nilipe kwa simu. Laini yangu ya huku ilishafungwa, usajili wa alama za vidole haukunikuta. Akanilipia kijana wa bodaboda, nikampa ile noti.

Sasa jambo lenyewe. Rafiki yangu niliyekuwa nakaa naye anataka tufungue saluni. Fremu, yaani chumba cha biashara, ipo; mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka na anayehama anadai kilemba, pesa ya kutuachia nafasi. Mtaji wote nitoe mimi, leseni iwe kwa jina la rafiki, mimi nihamie kuja kusimamia. Mume hana kinyongo. Nyinyi mlio huko mnaonaje?

Mzee wa Manzese:

Karibu tena shemeji. Fremu ya Sinza kwa kodi ya mwaka mbona kawaida. Njoo tu, sisi ni Jumuiya moja ya Afrika Mashariki.

Kadogoo_Kimara:

Mzee, usimwingize dada wa watu mkenge. Tangu Julai 2025 kuna amri ya serikali inayokataza wasio raia kufanya biashara 15, na saluni imo, isipokuwa iwe hotelini au ya utalii. Zimo pia uwakala wa pesa za simu, ufundi simu, udalali wa nyumba na hata kuongoza watalii. Ukikamatwa, faini ni kuanzia milioni 10 au jela hadi miezi sita, na kibali unanyang'anywa. Huyo rafiki anayekuazima jina naye hasalimiki: milioni 5 au miezi mitatu.

Mzee wa Manzese:

Kwani soko la pamoja la Afrika Mashariki lilisainiwa la nini?

Kadogoo_Kimara:

Kenya walilalamika kwa hoja hiyo hiyo mzee wangu. Waache mawaziri wabishane huko juu. Afisa biashara akiingia pale saluni hatauliza habari za itifaki, ataomba leseni na pasi ya kusafiria.

BintiMwananyamala:

Dada, mimi nina saluni, nikwambie ya ndani. Hata bila hiyo amri ningekukataza. Pesa yako, leseni ya mwenzio, mkataba wa fremu jina la mwenzio. Siku mkikosana unadai kwa karatasi gani? Na kilemba hicho mara nyingi mwenye nyumba hakitambui. Unampa anayehama, mwaka ukiisha mwenye nyumba anapandisha kodi au anampa mwanawe fremu. Halafu ulizia LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Kodi ya jengo inakatwa humo humo tangu 2021, na kama mita ina deni la waliotangulia, utanunua umeme uone uniti zinazoingia.

Jambo jingine, samahani kama nakugusa. Sinza unayoisimulia ni ya ulipokuwa na mshahara wa mwezi. Kukaa mjini na kutafuta mteja mjini ni vitu viwili.

MamaSouthB:

BintiMwananyamala umenipata hapo, sikuwahi kufanya biashara Dar hata siku moja. Lakini kurudi nataka. Hakuna njia halali kabisa?

Kadogoo_Kimara:

Wewe mhasibu. Tafuta mwajiri akuombee kibali cha kazi, cha ukaazi utapata Uhamiaji, uhamie kwa amani. Saluni mwachie mwenzio iwe yake, ya kweli siyo ya kuigiza.

Mpemba wa Ilala:

Au bakia Nairobi umuuzie rafiki yako mali. Baadhi ya rasta, hizi nywele bandia zinazosukwa huku, zinatoka viwanda vya kwenu. Mzigo usiozidi dola 2,000 unapita mpakani kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa, bila ushuru wa forodha. Hapo kila mmoja anafanya biashara kwao.

MamaSouthB:

Nimempigia rafiki yangu. Nimemwambia nitamkopesha sehemu ya mtaji na kumletea rasta, saluni iwe yake mwenyewe. Amenuna, anasema nimebadilika tangu nirudi Nairobi. Fremu inatakiwa ilipiwe Ijumaa.

BintiMwananyamala:

Mwache anune. Na hiyo Ijumaa ni maneno ya dalali, fremu za Sinza haziishi. Mkopo andikeni kwa wakili, kiasi kitajwe kwa shilingi ya Tanzania. Dola kwa malipo ya ndani zilipigwa marufuku 2025, usije ukashindwa kudai chako.