New IP ilikataliwa kwa hoja. Kwa nini inarudishwa kwa jina jingine?

Wakuu, heshima kwenu. Hili jambo limenifika shingoni.

Septemba 2019 Huawei, China Mobile, China Unicom na wizara ya viwanda ya China walipeleka ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa kule Geneva, pendekezo la itifaki mpya ya intaneti (yaani kanuni ambazo vifaa hufuata kupelekeana data), wakaiita New IP. Walidai IP, itifaki ya sasa, haiwezi kuhakikisha data inafika kwa wakati, hivyo haitafaa kwa mambo kama mawasiliano ya hologramu (picha za pande tatu). Sawa, wakasikilizwa. Machi 2020 IETF, jumuiya ya wataalamu ambao ndio wanaoitunza IP, wakajibu kwa maandishi: hakuna ushahidi kwamba iliyopo imeshindwa, na kuibadilisha yote kwa amri ya kutoka juu kutaleta madhara. RIPE NCC, wanaogawa anwani za intaneti Ulaya na Mashariki ya Kati, nao walipinga. Mwishoni mwa 2020 vikundi vya ITU vikakataa kuendelea nalo.

Ukikataliwa kwa hoja, unajibu hoja. Wao wamebadilisha jina! Likaja pendekezo lililoitwa FVCN, mawazo yakiwa yale yale. Umetolewa mlangoni, unapitia dirishani.

Kinachoniuma ni hiki. Mimi ni fundi wa mtandao kwa mtoa huduma mdogo. Maelezo ya kwanza ya IPv6, toleo jipya la IP lenye anwani nyingi zaidi, yalitoka 1995. Akiba kuu ya anwani za IPv4, toleo la zamani, iliisha Februari 2011. Mpaka leo nahangaika na vifaa vya wateja visivyoielewa IPv6, nalea mitandao miwili kwa mishahara ya watu wachache. Leo mtu aniletee itifaki ya tatu, yenye pakiti (vifurushi vya data) ambazo ruta zangu hazizisomi, kila mpakani niweke mtambo wa kutafsiri? Hela itoke wapi? Na ule mtambo ukizimwa, nani anabaki nje ya intaneti kama si sisi?

Halafu angalieni wanakoipeleka. IETF mtu yeyote anajiunga na orodha ya barua pepe bure, hata mimi, na rasimu inachambuliwa na watu wanaogusa nyaya. ITU wenye kura ni serikali. Fundi hana kiti pale.

Kama shida ni data kuchelewa, kikundi cha DetNet ndani ya IETF kinashughulikia hilo hilo. Waende pale na rasimu na vipimo, nitaisoma ukurasa kwa ukurasa.

Mwenye kufahamiana na wajumbe wetu wanaokwenda Geneva, naomba sana awafikishie swali hili kabla hawajanyoosha mkono: IP ya sasa imeshindwa wapi, na vipimo vinavyoonyesha hivyo viko wapi?