Walizamisha simu kwenye jagi mbele yangu wakaniuzia, sasa imekufa kwa mvua wananiambia waranti haihusu maji

Wadau, nimekaa na hili jambo wiki tatu nikidhani labda mimi ndiye mwenye makosa. Leo naandika kwa sababu jana nilipita tena kwenye lile duka nikakuta wanamfanyia mama mmoja kitu kilekile walichonifanyia mimi.

Mimi ni mwendesha pikipiki hapa Nairobi, nabeba vifurushi na chakula. Simu ndiyo kazi yangu. Oda inaingia kwa simu, ramani iko kwa simu, mteja analipa M-Pesa kwa simu. Inakaa kwenye kishikio pale juu ya usukani kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku, jua liwake mvua inyeshe. Kwa hiyo Agosti mwaka jana nilipokwenda kununua mpya, sikuuliza habari ya kamera wala michezo. Nilimwuliza muuzaji swali moja: hii ikinyeshewa itakuwaje?

Hakunijibu kwa mdomo. Alivuta jagi la plastiki lililokuwa pale kaunta, limeshajazwa maji. Akawasha video kwenye simu ya maonyesho, akaitumbukiza hadi ikagusa chini. Viputo vidogo vikatoka kwenye spika, vikakoma, na video ikaendelea kucheza ndani ya maji. Akaitoa, akaipangusa kwa kitambaa, akanipa nishike. "Bosi wangu, hii ni IP68, haiingii maji kabisa. Mvua ya Nairobi haiwezi kuifanya kitu." Sikuuziwa mbuzi kwenye gunia, nilionyeshwa kwa macho yangu. Nikatoa shilingi 48,500, pesa niliyoweka akiba miezi mitano.

Februari simu ikaanguka kwenye ngazi za jengo moja Kilimani, kioo kikapasuka. Karatasi ya waranti inasema wazi kwamba fundi wa nje akiifungua, waranti imekufa. Nikatii. Nikaipeleka kwa mafundi wao wenyewe, ghorofa ya juu ya duka lilelile, nikalipa 11,000 za kioo kipya, nikangoja saa mbili nikiwa nimeketi kwenye benchi. Nikapewa simu yangu na risiti. Hakuna aliyenifungulia mdomo kuniambia kwamba simu ikishafunguliwa, ile kinga ya maji si ileile tena. Kumbukeni hapo, nitaparudia.

Aprili mvua ikaanza. Siku ile ilinikuta Waiyaki Way nikitoka Westlands na oda ya kupeleka Kangemi, magari yamesimama, maji yanatiririka kando ya barabara. Simu haikuzama mahali popote. Haikuanguka kwenye dimbwi, haikutumbukia chooni. Ilinyeshewa tu ikiwa kwenye kishikio, nusu saa hivi. Nikafika, nikaipangusa, usiku ikafanya kazi vizuri. Asubuhi nikaona ukungu ndani ya kioo cha kamera, matone madogo madogo kama ya sufuria iliyofunikwa. Saa nne mstari wa kijani ukatokea katikati ya skrini. Saa sita mchana ikazima, nikiwa na chakula cha mtu mgongoni na sina namba yake mahali pengine popote. Yule mteja alinipa nyota moja, na sina la kumlaumu.

Nikarudi dukani na risiti zangu zote mbili. Kijana wa kaunta hakuuliza hata imefanya nini. Alichukua pini, akatoa kitrei cha laini, akamulika tochi ndani ya tundu, akanigeuzia nione. Kuna kikaratasi kidogo mle ndani, hakizidi punje ya mchele. Kikiwa kikavu ni cheupe, kikiguswa na maji kinageuka chekundu. Changu kilikuwa chekundu. "Imeingia maji, bosi. Waranti haihusu maji."

Nikamwambia, kama waranti haihusu maji, jagi ni la nini?

Akanyamaza. Akaniita meneja. Meneja akanionyesha mstari mmoja kwenye kijitabu, maandishi madogo ambayo hata baba mwenye miwani angeomba msaada, unaosema uharibifu wa majimaji haumo kwenye waranti. Akasema jagi ni "maonyesho tu". Kutengeneza ni shilingi 26,000, ubao mzima wa umeme ulio ndani ya simu unabadilishwa. Nikiwa sitaki, nibebe simu yangu niende.

Nikaenda Luthuli, kwa fundi ninayemjua miaka mingi, nikamwambia aifungue nikiwa nimesimama pale. Waranti ilikuwa imeshakufa hata hivyo. Alipasha kingo moto taratibu, akainua kioo kwa kadi nyembamba, akaniita nisogee. Wadau, pale ndipo nilipokasirika kweli. Kuna utepe mweusi wa gundi unaozunguka ukingo wote wa simu, mwembamba kama uzi wa raba. Huo ndio unaozuia maji. Upande wa chini, karibu na tundu la chaji, gundi ya zamani haikuwa imekwanguliwa. Mafundi wao walibandika mpya juu ya mabaki ya ile ya kwanza, kwa hiyo kioo kilikaa juu juu na pengo likabaki, upana wa karatasi. Maji yalikuwa yameacha njia yake pale, doa jeupe linaloelekea ndani, na pini za tundu la chaji zimeota kutu ya kijani. Fundi akasema, "Hapa ulipewa mlango wazi tangu Februari." Nilipiga picha saba. Ninazo.

Sasa nisomeni vizuri hapa, kwa sababu nimesoma sana wiki hizi tatu na nimegundua kwamba hata simu isiyowahi kufunguliwa, ile ahadi ya kaunta ni ya uongo.

Hiyo IP68 inatoka kwenye kiwango cha kimataifa cha vifaa vya umeme kinachoitwa IEC 60529. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, na 6 ndiyo ya juu kabisa. Ya pili ni ya maji. Saba maana yake kifaa kimezamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30. Nane maana yake ni kali kuliko hapo, lakini kina na muda anapanga mwenye kiwanda mwenyewe, ndiyo maana kampuni moja inaandika mita 1.5 na nyingine inaandika mita 6 na zote ni IP68. Jaribio linafanywa kwa simu mpya, kwenye maji safi yaliyotulia. Maji ya bahari hayamo. Maji ya sabuni hayamo, na sabuni hulegeza maji yakapenya matundu ambayo maji matupu yangeshindwa. Jueni pia kwamba maji yanayorushwa kwa nguvu yana jaribio lake peke yake, la 5 na la 6, na simu iliyofaulu 7 au 8 haihesabiwi kwamba imefaulu hayo mengine isipokuwa yameandikwa yote mawili. Kwa hiyo wale wenzangu mnaoiacha simu kwenye kishikio wakati pikipiki inapigwa mpira wa presha pale mnapooshea, mjue hakuna aliyewaahidi hilo kwenye boksi.

Halafu kuna hali yetu sisi wa barabarani. Simu inashinda juani, ramani imewaka, chaji imechomekwa, imechemka hadi inaunguza kidole. Ghafla mvua baridi inaimwagikia. Hewa iliyo ndani ikipoa inasinyaa, na penye pengo inavuta kilichoko nje. Ongeza mtikisiko wa barabara zetu siku nzima, ongeza kuanguka mara moja mbili, gundi inachoka. Watengenezaji wenyewe wanakiri hili. Apple wameandika wazi kwamba kinga ya maji si ya kudumu na hupungua kwa matumizi ya kawaida, na kwamba uharibifu wa majimaji haumo kwenye waranti yao. Ndiyo maana ukisoma boksi huoni popote pameandikwa "haiingii maji". Wanaandika inastahimili. Kustahimili na kutoingia ni vitu viwili tofauti, na muuzaji anaujua huo utofauti vizuri kuliko mimi. Kwenye boksi anaandika neno moja, kwenye kaunta anatamka lingine.

Msiniambie "ndivyo dunia ilivyo". Kuna kwingine walikataa. Novemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliipiga Apple faini ya yuro milioni 10 kwa mambo mawili: kutangaza simu kwamba zinastahimili maji bila kueleza ni katika hali gani, na kisha kuwanyima wateja huduma ya waranti simu zikiingia maji. Mnasikia? Hilo la pili ndilo hasa lililonipata mimi. Juni 2022 mahakama ya Australia ikaitoza Samsung ya kule dola milioni 14 za Australia, kwa matangazo yaliyoonyesha simu zikitumiwa kwenye bwawa la kuogelea na baharini, ilhali tundu la chaji lingeweza kupata kutu likichajiwa lingali na unyevu. Simu yangu haikuwa ya kampuni yoyote kati ya hizo mbili. Ninachosema ni kwamba hoja hii imeshasikilizwa na watu wazima na muuzaji akashindwa.

Na sisi sheria tunayo. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa na haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi alichonunua. Kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inayokataza kumsifia mtu bidhaa kwa sifa ambayo haina. Mimi ningeambiwa Agosti kwamba simu hii itavumilia mvua ikiwa mpya, lakini ikishaanguka au kufunguliwa nisiitegemee, na ikiingia maji nitajitegemea, ningefanya hesabu yangu. Pengine ningenunua ya 15,000 na mfuko wa plastiki wa kuvalia juu, na 33,500 zingine zingelipa karo ya mtoto. Nilinyimwa nafasi ya kuifanya hiyo hesabu.

Kinachoniuma kupita vyote ni Februari. Agosti naweza kusema muuzaji alikuwa anatafuta kamisheni yake. Lakini Februari walikuwa na simu yangu mikononi saa mbili. Walikuwa na kikwangulio. Walinilazimisha kwa waranti yao nisiende kwa mtu mwingine, wakafanya kazi mbovu kuliko ya mtu mwingine, halafu waranti hiyohiyo ndiyo waliyonifungia mlango nayo.

Kabla hamjauliza: sikuiweka kwenye mchele. Mchele hauvuti maji yaliyo ndani ya simu, na vumbi lake linaweza kuingia matunduni. Januari 2024 hata Apple waliwaambia watu waache. Nilichopaswa kufanya usiku ule ni kuizima na kuiacha mahali penye upepo, tundu la chaji likiangalia chini, bila kuchaji. Mimi nilichaji, kwa sababu kesho yake ni kazi na nilikuwa nimeambiwa haiingii maji. Kama yako imenyeshewa leo, tafadhali usichaji.

Sasa naelekea wapi. Nimeandika barua ya madai, nakala mbili, moja nimeigongesha muhuri wao wa kupokea baada ya kusimama pale dakika arobaini. Nataka walipe gharama yote ya kutengeneza au wanirudishie 48,500 na 11,000 zangu za kioo. Nimewapa siku kumi na nne. Zikiisha naenda Mahakama ya Madai Madogo, Milimani, ambako madai yasiyozidi shilingi milioni moja yanasikilizwa, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Lalamiko lingine nalipeleka kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, kwa sababu lile jagi halinihusu mimi peke yangu.

Yule mama wa jana alikuwa anamnunulia binti yake anayeingia chuo. Video inacheza ndani ya maji, muuzaji anatabasamu, mama ameshafungua mkoba. Nilimwendea nikamwambia, mama, kabla hujalipa mwombe akuandikie kwenye risiti kwamba ikiingia maji wataitengeneza bure. Akamgeukia muuzaji akamwomba. Muuzaji akakataa kuandika. Mama akafunga mkoba, na mlinzi akanitoa nje.

Nahitaji watu wa aina mbili. Mwenye video au picha ya duka lolote hapa mjini likizamisha simu kwenye maji ili kuuza, aiweke hapa chini, afiche sura za watu. Na mtu yeyote aliyebadilishiwa kioo au betri kwa mafundi wa duka alikonunua simu, atazame risiti yake aniambie kama kuna hata neno moja kuhusu kinga ya maji. Yangu imeandikwa "kioo, 11,000, imelipwa", basi.