Peugeot 504 inakataa kuwaka injini ikiwa moto, na bobini ni mpya

Kanyaga504, Bukavu
Ndugu zangu, salamu. Gari ni 504 ya karbirateri, bado ya platine (vile vipande viwili ndani ya delko vinavyogusana na kuachana kukata umeme wa bobini). Asubuhi inawaka mara moja. Ikishapanda mpaka Kadutu, ukaizima dakika kumi, basi: demareri (stata) inazungusha vizuri lakini injini haishiki. Ukingoja dakika arobaini inawaka kama haikuwa na neno. Buji zote nne zimebadilishwa, bobini (koili ya cheche) pia, na tangu bobini hiyo hali imezidi kuwa mbaya. Ni karbirateri au ni umeme?

FundiNyawera
Usinunue kitu kingine kwanza. Gari ikipoa ushahidi unapotea, kwa hiyo pima zile dakika inapokataa.

Chomoa waya mnene unaotoka katikati ya kofia ya delko (kile kinachogawa cheche kwa buji). Ushike kwa koleo lenye mpini wa mpira mkavu, ncha iwe milimita 6 kutoka chuma cha injini, mbali na karbirateri, mwenzako azungushe demareri. Cheche ya bluu inayolia ta-ta-ta: bobini, platine na kondansateri (kile kidude kinacholinda platine zisiungue) ni wazima, kaangalie kofia, rotori inayozunguka chini yake, au petroli. Cheche ya manjano, nyembamba, au hakuna kabisa: ugonjwa uko kabla ya kofia.

Halafu taa ndogo ya volti 12 kati ya − ya bobini na masi (chuma cha gari). Demareri ikizunguka, taa iwake na kuzimika. Ikiwaka tu bila kuzimika, platine hazigusani. Ikikaa giza na + ya bobini ina umeme, platine hazifunguki, au kondansateri imepiga masi, au ule waya laini ndani ya delko umechubuka. Bobini iliyokatika ndani nayo inatoa giza hilohilo.

EsanseTu
Petroli msiisahau. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari na sisi tuko juu yake, hivyo petroli huku inachemka mapema kuliko Matadi, kule chini karibu na bahari. Ukizima, feni na maji vinasimama, joto la injini linapanda kwenye karbirateri, petroli inamwagikia ndani. Toa buji. Ikiwa imelowa, kanyaga pedali ya mafuta hadi chini na uiache hapohapo ukizungusha. Ukiipiga-piga, kila pigo linamwaga zaidi.

Kanyaga504
Vipimo vya leo, injini moto. Buji zimelowa kidogo. Cheche ya manjano, inaruka mara moja kati ya tatu. + ya bobini wakati wa kuzungusha: volti 10.1. Taa inawaka na kuzimika. Bobini haishikiki kwa mkono. Platine zimekuwa za bluu, na upande mmoja una kilima kidogo.

MamaVolani
10.1 ni nzuri. Ingeshuka chini ya 9.6 ningekutuma kwenye batri na nyaya za masi. Buji kulowa si ajabu, petroli inaingia bila kuchomwa.

Chomoa nyaya ndogo za bobini upime omu kati ya + na −. Gusanisha kwanza ncha za multimeta, ile 0.2 au 0.3 inayotokea, itoe. Halafu rudisha nyaya, washa kontakti (swichi ya ufunguo), platine zikiwa zimegusana, upime volti kwenye +.

Kanyaga504
Mpya: omu 1.6. Ya zamani, ikiwa baridi: 3.1. Kwenye + napata 12.2, batri yenyewe 12.4.

FundiNyawera
Basi hakuna rezistansi (kipunguza umeme) njiani kabla ya bobini, na bobini uliyouziwa imetengenezwa kwenda na rezistansi. Piga hesabu: volti 14 za alternateri ukigawa kwa 1.6, platine zinakata karibu amperi 9. Kwa 3.1 ni 4.5 tu. Ndiyo maana inapikika na platine zinaungua. Rudisha ya zamani. Ukiipima moto ikasoma 3.7 usishtuke: shaba inaongeza ukinzani karibu asilimia 4 kwa kila nyuzi 10.

MamaVolani
Sawa mzee, lakini ya zamani ilitolewa kwa sababu ugonjwa ulikuwapo tayari. Kile kilima kinanipeleka kwenye kondansateri. Chukua mpya ya mikrofaradi 0.2 hadi 0.3, mwili wake ufunge kwenye chuma kisafi, waya wake kwenye − ya bobini. Ya zamani ichomoe kabisa; kama inavuja na umeiacha pale, mpya haitasaidia kitu.

Platine badilisha, hizo zimekwisha. Nafasi kati yake ni milimita 0.40, kemu (kile kinundu cha mhimili wa delko) ikiwa imezisukuma mpaka mwisho, na kale (bamba jembamba la kupimia) ipite kwa kukwaruza kidogo. Kisha rekebisha tena muda wa cheche, maana nafasi ikiongezeka cheche inakuja mapema. Grisi kwenye kemu iwe kama punje ya mchele. Ikizidi inarukia platine.

Kanyaga504
Bobini ya zamani, kondansateri mpya, platine 0.40. Imezimwa dakika 15 ikiwa moto: cheche ya bluu, haikosi. Injini imeshika mara moja, ila bado inataka pedali nusu.

EsanseTu
Hiyo nusu ndiyo petroli yangu. Angalia kama kile kipande kinene cha kuzuia joto chini ya karbirateri bado kipo, mafundi wengi wanakitupa wakibadilisha joenti (gasketi). Na bomba la petroli lisilale juu ya chuma cha injini.