Niliweka ngazi moja, grafu inatoa mabonde mawili. Kosa langu au fizikia?

Elektroni_Pweke: Wakuu, habari za kazi. Nisaidieni kabla msimamizi wangu hajaziona grafu hizi. Napiga hesabu ya elektroni zinazopita kwenye nukta mbili za kwanta, yaani vijisanduku vidogo mno vinavyofungia elektroni kwenye ngazi maalumu za nishati. Ya kwanza imeshikana na waya wa kawaida upande mmoja na supakondakta (metali isiyo na ukinzani ikipoa sana) upande wa pili, kila upande kwa nguvu Γ, ambayo ndiyo kipimo changu cha nishati. Ya pili haigusi waya wowote, imening'inia tu ubavuni mwa mwenzake.

Nikiitenga ya pili, napata kilele cha upitishaji cha 4e²/h kama inavyotakiwa (e ni chaji ya elektroni, h ni namba ya Planck). Nikiiunganisha na ya kwanza kidogo tu, kwa nguvu t = 0.03Γ, upitishaji unaporomoka hadi 0 pale kwenye nishati sifuri. Pointi moja! Majirani zake wamekaa juu kama hakuna kilichotokea. Hatua yangu ni 0.01Γ, na nikizisogeza pointi nusu hatua, shimo linatoweka kabisa. Kituko cha pili: nikipandisha ngazi ya nukta ya pili hadi +0.2Γ, mashimo yanakuwa mawili, kwenye +0.2Γ na −0.2Γ. Hilo la hasi limetoka wapi? Siku tatu sasa nawinda kosa kwenye programu.

Jino_la_Msumeno: Hapo unagawanya kwa sifuri, mkuu. Ongeza sehemu ya kufikirika (namba yenye √−1) kwenye nishati ya nukta ya pili, tuseme 0.01Γ, grafu itanyooka.

Mzee_wa_Awamu: Karibu itanyooka, ndiyo, kwa sababu utakuwa umeifukia fizikia yenyewe. Mleta uzi, usiguse kitu. Sehemu hiyo ya kufikirika maana yake ni kwamba elektroni inavuja kutoka kwenye nukta ya pili na kusahau awamu yake, yaani wimbi lake limefika wapi katika kupanda na kushuka, na bila awamu hakuna mwingiliano wa mawimbi.

Elektroni ina njia mbili: kupita moja kwa moja, au kuchepukia nukta ya pili kisha kurudi. Nishati yake ikilingana na ngazi ya pembeni, mawimbi ya njia hizo yanafutana. Ugo Fano alieleza umbo la aina hii mwaka 1961, akizungumzia atomu. Upana wa bonde unakwenda kwa t²/Γ, yaani kwako ni 0.0009Γ. Wewe unaruka kwa 0.01Γ! Unavua dagaa kwa wavu wa papa.

Sasa lile la hasi. Chini ya pengo la supakondakta, yaani eneo la nishati lisilo na nafasi ya elektroni mojamoja, elektroni haiingii peke yake, inaingia na mwenzake kama jozi, na huku kwenye waya linarudi tundu (nafasi iliyoachwa na elektroni). Ndiyo akisi ya Andreev, na ndiyo maana kilele chako ni 4e²/h badala ya 2e²/h ya waya wa kawaida pande zote mbili. Elektroni ikija na +E, mwenzake lazima atoke −E. Mmoja akikwama, safari ya wote imevunjika. Kwenye −0.2Γ elektroni yako haina shida yoyote. Mwenzake ndiye anayegonga ukuta kwenye +0.2Γ. Unataka kuhakikisha? Zima supakondakta, weka waya wa kawaida mahali pake. Bonde la hasi lazima life, la chanya libaki.

Baridi_Kali: Naongezea kutoka upande wa maabara. Chukua Γ ya 100 µeV (mikroelektronivolti): bonde lako linakuwa na upana wa kama 0.09 µeV, sawa na joto la milikelvini 1 hivi. Friji zetu zinafika milikelvini 20, kwa hiyo hakuna atakayeliona. Pandisha t hadi 0.3Γ, utapata 9 µeV, sawa na milikelvini 100. Hapo tunaweza kuongea. Ila angalia pengo: la alumini ni kama 180 µeV, na Γ ya 100 haiko mbali nalo, kwa hiyo ukichukulia pengo halina mwisho unajidanganya kidogo. Na kusukumana kwa elektroni ndani ya nukta umeweka?

Elektroni_Pweke: Sijaweka, U = 0 kwa sasa. Nimerudia kwa hatua ya 0.0001Γ na bonde limefunguka, lina kuta mbili laini. Nimezima supakondakta: la −0.2Γ limekufa, la +0.2Γ lipo. Mzee, shikamoo! Jino_la_Msumeno, nimejaribu na yako pia: kwa 0.01Γ bonde limebaki kovu dogo tu, kwa 0.003Γ limejaa nusunusu. Hiyo naiweka kwenye tasnifu kama grafu ya kupotea kwa awamu.

Jino_la_Msumeno: Basi usisahau kunitaja kwenye shukrani 😂