Kuna mwalimu humu kafundishia dunia za gemu (Minecraft na wenzake) darasani kweli?

ChakiNyeupe:
Wakuu habari za jioni. Nafundisha hisabati darasa la sita, shule ya msingi huku Singida. Tuna kompyuta 12 za msaada, zinazowaka 9, RAM GB 4, intaneti ni bando la simu yangu mwenyewe. Likizo iliyopita mtoto wa dada kanionyesha Minecraft, lile gemu la kujenga dunia kwa tofali, nikakaa pembeni namwangalia dogo anahesabu tofali, anapima, anabomoa, anaanza upya na hakuna aliyemtuma. Nikawaza hawa wangu wanaosinzia kila nikiandika "ujazo" ubaoni si ndo dawa yao? Kumgusia mwalimu wa taaluma kaniuliza kama nataka kufungua kibanda cha pleistesheni 😂. Sasa nauliza kuna mtu kaifanya kwa mikono yake, na kwa mashine hizi inawezekana au nijitulize na chaki yangu?

Fundi_Waya:
Mwalimu inawezekana ila achana na Minecraft. Ile ya shule (Minecraft Education) inataka kila mtoto awe na akaunti ya Microsoft ya shule na leseni, kwa bando la simu utalia. Tafuta Luanti, zamani ikiitwa Minetest, walibadili jina 2024. Ni ya bure kabisa, tofali zake nazo ni mita moja kila upande, na mashine chovu inazivumilia ukipunguza umbali wa kuona.

Haihitaji intaneti, elewa hapo. Mashine moja iliyo nzima unaifanya seva (yaani mashine mama inayobeba hiyo dunia), nyingine zinaingia kwa waya au kwa rauta yoyote hata haina laini. Kosa nililofanya mimi siku ya kwanza, matoleo ya sasa ukishusha programu haiji na gemu ndani, unakuta dirisha tupu linakwambia kashushe gemu, na mimi niko maabara, madogo 30 wananiangalia, mtandao hamna. Kwa hiyo programu iweke mashine zote, ila gemu ishushe ukiwa nyumbani, weka kwenye ile mashine ya seva tu, hizo nyingine zitavuta vinavyohitajika kutoka kwake. Zima kupigana na zima kuumia kabla hujawaruhusu kuingia, la sivyo kipindi kinaisha wanauana.

Nyundo70:
Samahani nipo tofauti. Kompyuta 9, darasa la sita najua ni watoto 70 kwenda mbele, kipindi dakika 40, ukitoa kumi za kuwasha na tano za kuwatafuta walioenda chooni umebaki na nini? Mtihani wa darasa la saba hauna tofali za kompyuta. Mimi nilishaona maabara ikigeuka uwanja wa gemu, mwalimu yuko kwenye simu.

Fundi_Waya:
@Nyundo70 hapo kwa mwalimu kuwa kwenye simu sikubishii, ile dunia haifundishi mtu kitu peke yake, kazi lazima itangulie. Mimi naanzia kwenye daftari. Nawaambia kajengeni tenki la maji lisilo na mfuniko, nje urefu tofali 7, upana 5, kimo 4, kuta na sakafu unene wa tofali moja, niambieni zinahitajika tofali ngapi na linajaa lita ngapi. Hakuna kugusa kompyuta mpaka nione jibu. Wengi wakaniletea 131, maana walizidisha kila ukuta kivyake wakajumlisha na sakafu. Sikuwasahihisha, nikawawekea tofali 131 kwenye sanduku wakajenge. Tenki limeisha, tofali 36 zimebaki, wakaanza kulaumiana nani kajenga vibaya! Zilipita kama dakika tano hivi ndo binti mmoja akasema "ticha, kona na ukingo wa sakafu tumezihesabu zaidi ya mara moja". Jibu ni 95, yaani 140 ya nje toa 45 ya ndani, na hiyo 45 ndo lita 45,000, maana tofali moja ni mita moja ya ujazo, lita 1,000. Kile kipindi ubaoni nilishakifundisha mara tatu, hiyo kona hakuna aliyewahi kuiona.

Wakae wanne wanne kwa mashine, mmoja anajenga, mmoja anahesabu, wawili wanakagua, nusu ya darasa wako nje na kamba na rula wanapima tenki la kweli la shule, kesho mnabadilishana.

Mtaa_wa_Pili:
Sasa watu wa TZ, mimi niko Nairobi. Hii kitu si ya watoto pekee. Mwaka wa 2012 UN-Habitat (shirika la UN la makazi) na wale wenye Minecraft, Mojang, walianzisha mradi unaitwa Block by Block na moja ya sehemu za kwanza kabisa ilikuwa Kibera, uwanja wa michezo wa Silanga. Vijana waliuchora ndani ya gemu vile wanataka ukae. Sababu ni simple, ukimpatia mtu wa mtaa ramani ya mhandisi ataitikia tu kwa heshima, lakini kwa gemu anatembea ndani anakwambia hapa usiku ni giza, hapa mama hawezi pita na mtungi. Mwalimu si lazima iwe tenki basi, wape hiyo shule yenyu waijenge upya.

Mzee_wa_Modemu:
Nyie vijana, haya sisi tuliyaona kwenye Second Life, dunia ya kwenye intaneti ambamo watu wanatembea na kujenga. Ilifunguliwa 2003, vyuo vya Marekani na Uingereza vikakimbilia kununua visiwa (viwanja vya mule mule ndani) na kujenga kumbi za mihadhara na viti mule ndani (mwanafunzi anaweza kuruka angani, wewe unamkalisha kwenye kiti!). Mwaka 2010 mwenye nyumba, Linden Lab, akatangaza kwamba punguzo la nusu bei kwa taasisi za elimu linaondolewa. Baadae 2013 wakalirudisha lakini watu walishahama, wengi kwenda OpenSimulator, programu ya bure ya dunia kama hiyo ambayo unaiweka kwenye seva yako. Shida vitu ulivyonunua kule huhami navyo. Kwa hiyo namuunga mkono Fundi, kaa kwako. Na lile folda la dunia nakili kwenye flashi kila Ijumaa, umeme wetu unaujua.

ChakiNyeupe:
Asanteni sana. @Nyundo70 wapo 84 kaka, hukukosea. Nimeongea na mwalimu mkuu, kanipa Jumatano baada ya masomo, majaribio wiki nne, na mwalimu wa taaluma kasema atakuja "kushuhudia". Hilo la tenki la kweli ndo lililomlainisha, maana letu linavuja na kamati wanabishana linaingia lita ngapi. @Fundi_Waya swichi (kile kiboksi cha kuunganishia waya za mtandao) ninayo ya tundu 8, na mashine ni 9, ya tisa niiunganishe vipi?

Fundi_Waya:
Tundu 8 maana yake mashine 8 pamoja na seva. Hiyo ya tisa iweke pembeni iwe spea, utaihitaji mapema, wiki ile ile ya kwanza.