Rangi ya bluu ya spirulina inanigeukia kijani, nakosea wapi?

KijanaWaPwani: Wakuu habari za jioni. Niko hapa Bagamoyo, nina unga wa spirulina (vile vijimea vidogo sana vya majini) nataka kutoa ile bluu yake, fikosianini, ni projekti ya chuo. Nilichemsha maji nikakoroga unga humo nikachuja kwa kitambaa, nikapata uji wa kijani na kesho yake ukawa kahawia kabisa. Nikajaribu spiriti, ndo ukazidi ukijani. Halafu nina mwani wa spinosum, ule unaolimwa baharini, wa Mlingotini, nasikia nao una rangi nyekundu ya jamii hiyohiyo ila kwenye maji sioni kitu. Wiki mbili zimeshaisha na unga wenyewe bei yake mnaijua, naombeni msaada.

Bi_Vichanja: Mwanangu huo mwani umeuchukua mbichi au wa gunia? Sisi tukiuanika kwenye vichanja mvua ikaupiga, unatoka mweupe kama uzi, rangi yote imeenda na maji. Na jua kali nalo linaula.

Maabara_Tanga: Bi mkubwa kaeleza vizuri mno. Rangi hizi ni protini zinazoyeyuka kwenye maji, mvua inazibeba. Kwa hiyo dogo tafuta mwani mbichi, uoshe haraka kwa maji ya bahari, utie friza siku hiyohiyo uusage ukiwa bado umeganda, usiutie moto maana utavuta ute wa karagina hutachuja kitu. Nyekundu yake inaitwa fikoerithrini, kwenye spektrofotomita, mashine ya kupima rangi inanyonya mwanga kiasi gani, utaiona inapanda karibu na mwanga wa nanomita 565.

Sasa spirulina. Pole sana, ila ulichofanya ni kupika. Ikipita nyuzi 47 hivi ile protini inaanza kufumuka na bluu inakufa, kama ute wa yai kwenye kikaango, haurudi tena. Spiriti nayo inavuta klorofili, ambayo maji hayaiwezi, ndo kijani chako hicho. Tumia maji baridi, ukipata bafa ya fosfeti ya pH 7 (maji yenye chumvi inayozuia asidi isipande wala kushuka) ndo bora. Mimi naweka gramu 1 kwa mililita 25, friza mpaka iwe jiwe, naiachia iyeyuke polepole ndani ya friji, narudia mara tatu au nne, barafu yenyewe ndo inapasua seli. Chupa ifunge na foili, mwanga hauipendi. Ukimaliza piga sentrifuji, ile mashine ya kuzungusha kwa kasi, kijani kinakaa chini na bluu inabaki juu.

mdau_Chumbageni: Mkuu na kusafisha je? Nimesikia wanatumia amonia salfeti, si ndo mbolea ya SA hii tunayomwaga shambani?

Maabara_Tanga: Jina ni hilo kaka lakini ya mfuko wa shamba usiitie humo, ina uchafu wake, nunua ya maabara. Unaitia kidogokidogo chombo kikiwa kwenye barafu. Ikifika asilimia 25 ya kushiba (yaani robo ya kiasi cha juu ambacho maji yanaweza kuyeyusha), kinachozama tupa, endelea mpaka 50, hapo bluu yenyewe inazama, ikusanye uiyeyushe kwenye bafa kidogo, kisha itie kwenye mfuko wa dayalisisi, unaopitisha chumvi na kubakiza protini, usiku kucha utoe chumvi. Usafi pima kwa spektrofotomita, kipimo cha nanomita 620 (bluu yenyewe) gawanya kwa cha 280 (protini zote). Ikifika 0.7 inahesabika ya chakula, ya maabara wanataka 3.9 na ikivuka 4 ni ya uchambuzi, na huko hufiki bila kolamu (bomba la kutenganisha protini), kwa hiyo kwa projekti usijiumize.

KijanaWaPwani: Nimerudi. Bi mkubwa shikamoo, ulikuwa wa gunia kweli, kesho bamvua nashuka Mlingotini kuchukua mbichi. Ile spirulina nimeigandisha mara tatu, umeme ulikatika mara moja lakini nilikuwa nimeizungushia barafu. Wakuu imetoka bluu! Nimeimulika na tochi ya simu gizani, ukiitazama kwa ubavuni inawaka wekunduwekundu, ni sawa hiyo?

Maabara_Tanga: Ni sawa kabisa, hiyo ni fikosianini nzima, ikifumuka huo wekundu unapotea. Irudishe kwenye foili sasa hivi.