Kaskazini mwa Ufaransa: acheni kuchora njia ya baiskeli kwenye ramani mahali penye geti na majani

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nasema.

Sisi tunaosafiri kwa baiskeli tukitokea Ubelgiji na nchi jirani tunaambiwa kila mwaka kwamba kaskazini mwa Ufaransa unaweza kufuata mito na mifereji kwa mamia ya kilomita, pote tambarare, pote salama, hata kwa familia yenye watoto. Ramani zinatolewa zikiwa na mstari mmoja mrefu usiokatika. Unafunga mikoba kwenye keria, unabeba hema, unaanza safari. Halafu katikati ya mashamba unakutana na geti la chuma lenye kibao cha duara jekundu, na nyuma yake majani yanakufika magotini. Hakuna mshale wa kukuelekeza pa kuzungukia. Ramani mkononi bado inasema pita.

Msiniambie nibadilishe programu ya simu. Nimejaribu za simu na nimenunua za karatasi, na kasoro ni ileile, kwa sababu chanzo chake si ramani. Chanzo ni sheria, na hili wasafiri wengi hawalijui mpaka wakwame.

Njia inayopita kando ya mfereji haikutengenezwa kwa ajili ya baiskeli. Ilitengenezwa ili farasi, na mara nyingine binadamu, wakokote matishari kwa kamba. Kando ya mito, amri ya kifalme ya mwaka 1669, enzi za Colbert, waziri wa mfalme Louis XIV, iliwalazimisha wenye mashamba kuacha wazi futi 24 upande wa kukokotea, na futi hizo ndizo mita 7.80 zinazotajwa na sheria ya Ufaransa mpaka leo. Kando ya mifereji, ukanda wenyewe ni mali ya umma. Farasi waliondoka zamani. Lakini kanuni za usafiri wa majini bado zinasema kwamba ukanda huo ni wa kupita kwa miguu, na mwenye chombo lazima awe na kibali cha maandishi. Baiskeli ni chombo. Ili mimi na wewe tupite kihalali, ni lazima mkoa, au umoja wa halmashauri, au kijiji chenyewe, kisaini mkataba na taasisi ya serikali inayosimamia mfereji, kikubali kugharimia matengenezo na kubeba lawama mtu akiumia. Aliyesaini anaweka lami na kibao cha bluu chenye picha ya baiskeli na mtembea kwa miguu. Asiyesaini anaweka geti.

Kwa hiyo mstari ule mmoja wa kwenye ramani, huku chini, ni vipande vipande vya mikataba. Chukua EuroVelo 3, njia ya baiskeli ya kimataifa inayoingia Ufaransa kwenye mpaka wa Jeumont, inaufuata mto Sambre kuelekea chanzo chake kupita Maubeuge, kisha inaushika mto Oise kuelekea Compiègne na Paris. Anayeutangaza mstari huo ni mtu wa ngazi ya Ulaya au ya taifa. Anayeamua kama utapita ukingoni mwa maji au utatupwa barabarani ni diwani wa kijiji chenye nyumba chache, ambaye bajeti yake haitoshi hata kufyeka majani mara mbili kwa mwaka. Simlaumu yeye. Namlaumu anayejua hali hiyo na bado anachora wino uleule kwenye kipande chenye lami na kwenye kipande ambacho kisheria hakipitiki.

Na kutupwa barabarani si jambo dogo. Kuanzia Septemba huko ni msimu wa bitiruti za sukari. Mikoa ya Aisne na Somme nzima inavuna. Malori yaliyojaa yanakimbilia viwandani mchana na usiku, matrekta yanaacha matope kwenye lami, na mvua ikinyesha kidogo tu matope hayo yanateleza kama sabuni. Sheria yao inamtaka dereva akuache mita 1.5 anapokupita nje ya mji. Nendeni mkapime wenyewe. Rafiki yangu Mrundi ninayesafiri naye alisukumwa na upepo wa lori mpaka mtaroni, akavunjika kifundo cha mkono. Tulikuwa kwenye barabara ile kwa sababu moja tu: mita chache kutoka pale kulikuwa na njia ya mfereji, pana, iliyonyooka, imefungwa kwa mnyororo. Wakati tunasubiri gari la wagonjwa nilikuwa naiona kupitia miti.

Mahali pengine ni lazima utoke kwenye maji, na hapo sina ugomvi. Mfereji wa Saint-Quentin unaingia chini ya ardhi pale Riqueval kwa mita 5,670. Handaki hilo Napoleon alilifungua mwaka 1810, na hadi leo mashua haziruhusiwi kuwasha injini humo kwa sababu ya moshi. Zinavutwa na chombo cha umeme kinachojikokota kwenye mnyororo uliolala chini ya maji. Baiskeli lazima ipande juu ya uwanda. Sawa. Lakini juu huko ndiko inakopita D1044, barabara kubwa ya kati ya Saint-Quentin na Cambrai, na mgeni asiyepewa vibao vya kumpitisha vijijini ataishia humo, kati ya malori. Kibao kinagharimu nini?

Sasa niseme kuhusu vizuizi, maana hili ndilo linalonichoma zaidi. Hata kwenye vipande vilivyosainiwa, vyenye lami safi, wameweka vyuma vilivyopangwa kwa kupishana, upite kwa kujipinda, mwanzoni na mwishoni, wakisema ni kuzuia pikipiki na zile za magurudumu manne. Vyuma vimebanana kiasi kwamba baiskeli yenye mikoba miwili ya nyuma haipiti. Unafungua mikoba, unaivusha, unainua baiskeli, unaivusha, unafunga tena. Barabara ndogo ya shamba ikikatiza baada ya kilomita moja, unarudia. Mwenye pikipiki anazunguka kupitia shambani; alama za tairi zake zipo wazi pembeni ya chuma. Nimemwona mama amesimama peke yake na trela lenye watoto wawili, anawatoa mmoja mmoja, anawaweka kwenye nyasi hatua mbili kutoka kwenye maji, ili apate kulipitisha trela kiubavu. Mtu mwenye baiskeli ya kuendesha kwa mikono, ambaye miguu yake haifanyi kazi, afanyeje pale? Hawezi kushuka na kuinua. Njia imetangazwa kuwa ya wote, na kwenye lango la kwanza yeye amefukuzwa. Huu ni unyanyasaji, na nasema neno hilo nikijua uzito wake.

Mkisema labda Ufaransa haina uwezo, nawakatalia, kwa sababu palipofanyika vizuri napajua. Mfereji wa Somme unasimamiwa na mkoa wenyewe wa Somme, na tofauti unaiona siku ya kwanza. Unaufuata kutoka Péronne, unapita mabwawa na vijiji vya wavuvi, unaingia Amiens ukiwa karibu na bustani zile za mboga zilizokatwakatwa na vijito, unaendelea hadi Abbeville, na kutoka hapo mfereji unanyooka moja kwa moja mpaka baharini Saint-Valery. Nyumba za walinzi wa malango ya maji, yale yanayopandisha na kushusha mashua, ambazo kwingine zinaoza madirisha yakiwa yamepigwa mbao, huko baadhi zimekuwa sehemu za kunywa kahawa na kukodi baiskeli. Nenda Ardennes: kutoka Charleville-Mézières hadi Givet unafuata mto Meuse zaidi ya kilomita 80 ndani ya msitu, na magari unayasikia kwa mbali tu. Vuka mpaka uingie Wallonia, kusini mwa Ubelgiji, ukute mtandao wa RAVeL, uliopita kando ya maji na kwenye reli za zamani, vibao vya aina moja, mwenye dhamana mmoja. Maji ni yaleyale. Mto Sambre haubadiliki ukifika mpakani.

Na mfereji usiojaliwa haujaliwi na yeyote. Ule unaounganisha Sambre na Oise ulifungwa kwa mashua mwaka 2006 kwa sababu daraja linalobeba mfereji pale Vadencourt lilikuwa limechakaa, na ukafunguliwa tena mwaka 2021. Miaka 15! Muda wote huo wageni ambao wangeweza kununua mkate na kulala katika vijiji vile walikuwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Ndio watu wa kuwawekea geti hao?

Kuhusu chakula na maji nitasema kwa kifupi. Jumatatu maduka ya mkate vijijini mengi yamefungwa, na vijiji vingi havina duka kabisa, hivyo beba. Maji tafuta makaburini. Makaburi ya vijiji vya Ufaransa karibu yote yana bomba kwa ajili ya maua, ila soma kibao kwanza, kikisema "non potable" usinywe. Nawaambia hili kwa ajili ya usalama wenu, lakini linaniudhi kwamba kwenye malango ya maji, ambako kuna jengo na mara nyingi mfanyakazi, hakuna hata bomba moja la msafiri.

Upande wa Compiègne jiandaeni pia kwa ujenzi wa mfereji mpya mkubwa wa Seine-Nord Europe, kilomita 107. Mradi wa ukubwa huo lazima ufunge njia, naelewa. Nisichokielewa ni mtu kujua njia imefungwa kwa kusoma karatasi iliyofungwa kwa waya kwenye uzio, akiwa ameshafika, jua linazama.

Najua kuna mdau atasema: wewe umekulia Shinyanga, baiskeli umeendesha kwenye vumbi na mabasi yanakupita kwa kasi, unalalamikia nini Ulaya? Nalalamika kwa sababu Shinyanga hakuna aliyenichorea ramani akaniahidi kwamba watoto wangu watakuwa salama. Pale nilijua hatari, nikajipanga. Hapa mtu anaingizwa hatarini kwa kuaminishwa.

Ninachodai si lami kila mahali. Changarawe iliyoshindiliwa inatosha, hata udongo unatosha kiangazi. Nadai kwamba kipande ambacho hakijasainiwa kichorwe kwa rangi tofauti na kiandikwe wazi kwamba hakipitiki, vibao vya kuzungukia viwekwe kabla ya geti na si baada yake, na vyuma vile ving'olewe, badala yake iwekwe nguzo moja katikati ambayo gari haliwezi kupita lakini trela na baiskeli ya mlemavu zinapita. Nimeshaiandikia barua taasisi husika, kwa Kifaransa, nikiambatanisha picha za kila geti. Nimejibiwa kwamba suala liko chini ya halmashauri. Halmashauri imenijibu kwamba suala liko chini ya taasisi.

Kwa hiyo nawaomba mlioko Lille, Amiens, Reims, Charleroi na kwingineko: aliyepita kati ya Landrecies na Tergnier, au kati ya Cambrai na Saint-Quentin, msimu huu, aandike hapa chini geti liko wapi, upande upi wa maji, na baiskeli yenye mikoba inapita au haipiti. Wekeni picha. Nitazikusanya zote kwenye ramani moja na kuituma kwa ofisi zote mbili kwa pamoja, ili pasiwe na anayemsukumia mwenzake.